Mama Profesa na Majani ya Shaba

Ukisema mbele ya Mama Profesa kwamba ua fulani ni zuri, alikuuliza, "Muzuri kwa nani?" Nyuki, mbuzi na bibi harusi hawatafuti kitu kimoja, alisema, na wewe bado hujatuambia u nani kati yao. Ukisema mmea umekufa, alitaka kujua kama ulikata mzizi ukatazama ndani. Ukisema una njaa, alikutazama juu ya miwani yake kana kwamba umeleta hoja isiyo na ushahidi, kisha akaingia jikoni kusonga bukari, huo ugali wetu wa Katanga. Mikono ile iliyoweza kubandua jani jembamba bila kulichana haikujua kabisa kusonga. Bukari yake ilikuwa na madonge, nasi tuliyala kwa adabu.

Siandiki haya ili kumsifu. Wanaomsifu wako wengi, na kwa miaka mingi nilikuwa mstari wa mbele kati yao. Wala siandiki ili kumsuta, ingawa sababu ninayo. Nataka tu awepo mahali fulani jinsi alivyokuwa. Picha chache zake nilizowahi kuona zinamwonyesha akitabasamu, na hilo ni jambo nililoliona kwake kwa nadra kama mvua ya mwezi wa saba.

Chuo kikuu kilikuwa Lubumbashi, lakini yeye aliishi Kolwezi, katika nyumba ya kampuni ya migodi yenye ukumbi mpana na vyumba viwili vya nyuma. Alisema anaishi huko kwa sababu majani yake yako huko, na kwamba hajawahi kusikia mlima ukipanda treni kwenda kumtafuta profesa. Kila likizo kubwa, miezi ya kiangazi ambapo madarasa yamefungwa, alichukua wanafunzi wawili wa biolojia wa mwaka wa pili, akawalaza katika vyumba vile vya nyuma, akawafundisha utafiti wa mimea kuanzia kushika jembe. Sisi tuliyaita mafunzo hayo staji ya kiangazi. Ufadhili ulitoka katika bustani moja ya mimea huko Ulaya, na masharti yake yalikuwa wazi: ukimaliza kiangazi na matokeo yako yakakubalika, walikusomesha mpaka shahada. Usipomaliza, ulirudi kwenu na nguo zako.

Mwaka nilioingia mimi, baba yangu, karani katika karakana ya treni za kampuni, alikuwa amesahau mshahara unafananaje. Kwa hiyo kwangu staji haikuwa pambo. Ama nimalize, ama mimi na chuo kikuu tuagane.

Mwenzangu alikuwa Muteba, mtoto wa wakulima wa Sandoa, humo humo Katanga, kijana wa maneno mengi aliyejua mihogo kuliko nitakavyoijua mimi maishani. Siku ya kwanza Mama Profesa alituweka mbele ya jiwe lililoota ukoga, akasema tuandike tunachoona, kisha akaenda zake. Alirudi mchana jua likiwa kali. Muteba alikuwa amejaza ukurasa mzima. Mimi nilikuwa na mistari michache, na nilitaka ardhi inimeze. Alisoma vyote viwili, akamrudishia Muteba wake.

"Hii uliona, ao balikuambia?"

"Nilisoma mu kitabu, Mama."

"Basi kitabu njo kifanye staji, wee uende kulala."

Muteba alicheka. Hakujua bado kwamba mama yule hafanyi mzaha, au kwamba mzaha wake una meno.

Nje ya mji kuna vilima ambavyo miti imevikataa. Msitu unafika mguuni pa kilima na kusimama, na juu yake kuna nyasi tu na vijimea vya kimo cha goti. Wazee waliofua shaba kabla ya kampuni yoyote walizijua alama hizo: palipo na upara katikati ya msitu, chimba. Udongo ule umejaa shaba kiasi cha kuua mhogo kabla haujatoa jani la tatu, lakini kuna mimea inayoota pale na si mahali pengine popote duniani. Mama Profesa aliipa mimea hiyo maisha yake yote. Alitaka kujua inaishije kwenye sumu, na kama mimea mingine inaweza kufundishwa.

Mlimani alipanda na kikwembe kizuri, kitenge cha nta, cha kuendea harusi. Kanisani alikwenda na suruali kuukuu na viatu vyenye vumbi la kilimani, akakaa benchi la mwisho, akaondoka kabla ya matangazo. Akina mama wa parokia walimsema mpaka midomo ikakauka. Mmoja alimkabili mlangoni, akamwuliza kama haoni haya mbele ya Mungu. "Mungu ananijuaka zamani," alijibu. "Majani njo bado hainijue." Alikuwa mtu wa sala hata hivyo. Nilimkuta mara nyingi ukumbini na rozari, akiisali haraka haraka kama mtu anayehesabu mbegu, na ole wako umkatize.

Hakuwa mtu rahisi. Sukari ilipopotea mjini alitugawia yake yote, yeye akanywa chai chungu bila neno. Lakini nilipougua malaria alikuja mlangoni asubuhi, akauliza, "Nani atamwangia majani yako maji?" kabla ya kuuliza hali yangu. Alimlisha paka wa jirani na kumfukuza jirani. Alisema wanawake wa sayansi wasibembeleze mtu, halafu nikamwona akimbembeleza fundi wa pampu ya maji kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alimwita "tata yangu", yaani baba yangu, na kumsifia vifaa vyake.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na vitalu vyetu, kila mmoja na chake, vimejazwa udongo uliobebwa kutoka kilimani. Tuliotesha humo mmea wa aina moja, wenye maua ya zambarau, na kazi yetu ilikuwa kuufuata mpaka utoe mbegu. Ilikuwa kazi ya kiangazi chote. Sasa, lazima mjue hali ya Kolwezi siku zile. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mashine za migodi zilinyamaza moja baada ya nyingine, maduka ya kampuni yalibaki na rafu, na watu waliokuwa na kadi za kazi walilima mpaka kwenye kiwanja cha mpira. Kila uchochoro ulikuwa na mahindi au lengalenga, ule mchicha wetu, na kila mtoto alijua kwamba mmea unaosinyaa unalilia mbolea. Mimi nimelelewa na mama aliyefuga kuku kwa ajili ya kinyesi chao kwanza, mayai baadaye. Miche yetu ilikuwa midogo, myembamba, ya kusikitisha. Tuliihurumia. Muteba akaleta ndoo ya samadi ya kuku kutoka kwa jirani yule yule aliyefukuzwa, nikaitandaza kwa mikono yangu, tukaenda kulala tukijiona watu wema.

Haikupita juma, miche ikaanza kuoza shinani, imevaa ukungu mweupe.

"Mulibapatia nini?"

"Mbolea, Mama."

"Nani aliwaomba?"

Tulingoja tupigwe na maneno. Badala yake alileta viti vitatu, akasema tangu siku ile tutakula chakula cha mchana pale kitaluni mpaka mche wa mwisho ufe. Na yeye alikaa nasi, na sahani yake ya madonge. Tulikula tukiitazama inakufa. Siku ya pili au ya tatu ndipo alipotueleza, kwa sauti ya kawaida: mmea huu haupendi sumu, hakuna apendaye sumu. Ila ukungu unaouua hauwezi kuishi kwenye shaba. Ukiupa udongo mzuri, unaupa na adui zake.

Tulipanda upya. Tulikuwa tumepoteza wakati, na hesabu ikawa ngumu: mbegu zingekomaa karibu kabisa na mvua za kwanza. Muteba aliweza kusubiri. Mimi sikujua kama nitaachwa nisubiri.

Kwa sababu kiangazi kile ndipo walipotufukuza. Sisi, maana yake watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani. Babu yangu aliletwa Katanga kuchimba shaba, hakujileta, na baba yangu alizaliwa hapo hapo Kolwezi, nami vilevile. Lakini njaa ilitaka mtu wa kulaumiwa. Redio ikasema wageni warudi kwao, vijana wakaanza kupita mitaani mchana kweupe na kugonga milango, na majirani waliokuwa wakituazima chumvi wakaanza kutuuliza tunaondoka lini. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Wenyeji walikuwa hawajapona, nasi tukageuka bilulu. Ndivyo walivyotuita, bilulu, wadudu. Waume waliagizwa waachane na wake. Wenye mzazi mmoja wa Kasai walijifunza kumtaja yule mwingine tu. Familia kwa familia zilihamia kituo cha treni na magodoro yao, na wengine kwenye shule iliyo karibu, kungoja treni ambazo hazikuwa na siku.

Mwanamke mmoja aliyetuletea makala, yaani mkaa, alitamka neno lile mbele ya Mama Profesa, akininyooshea kidole. Mama Profesa alimrudishia gunia lake.

"Bilulu mi nabijua," alisema. "Miaka yote bilikuwa binanikulia majani yangu mu makabati. Huyu ni stajieri yangu. Peleka makala yako."

Tulipikia vijiti kwa siku kadhaa. Nilimpenda siku ile kwa namna ambayo bado inanipa shida.

Kuna jambo nilimwambia wakati ule kitaluni, nikidhani nimesema la maana. Nilisema na sisi ni kama miche yake: tunapelekwa kwenye udongo unaoitwa wetu, na huko tutaoza. Aliweka kikombe chini.

"Muntu haiko majani. Majani haina miguu, haina kinywa, njo maana inavumilia. Wee uko nabyo byote. Usijilinganishe tena na kintu yenye haiwezi kukataa."

Niliona aibu. Mpaka leo sijaamua kama alikuwa sahihi, kwa sababu sisi tulikuwa na miguu na vinywa na havikutusaidia.

Baba alikuja siku familia yetu ilipohamia kituoni. Alivaa koti lake la kazini. Hakutaka kuingia. Alisimama ngazini, kofia mkononi, akazungumza na Mama Profesa kama anavyozungumza mtu na padri.

"Mama, siye tunaenda ku gare. Treni haiyakuja, itakuja. Huyu mutoto, nataka amalize kazi yake. Nakuachia yeye."

"Atamaliza," alisema Mama Profesa.

"Kweli, Mama?"

"Tata, mi nimesema atamaliza."

Baba akanigeukia, akaniambia, "Ngalula, fanya kazi. Utatufuata na diploma," akaondoka bila kugeuka. Nilimwona akinyoosha mabega njiani. Mtu aliyefukuzwa kazini, nyumbani na mjini alitembea kwa furaha kidogo, kwa sababu ya neno moja la mama yule.

Siku zilizofuata niliishi kitaluni. Sikutoka getini. Muteba alinunua kila kitu, alipiga soga kwa ajili yetu wote wawili, na kila akisikia kelele barabarani alinitazama kwanza mimi ndipo alitazama geti. Maua yalitoka. Kisha yakaanza kufunga mbegu, ndogo, za kijani bado. Mama Profesa alikuja kila asubuhi, akainama, akazigusa kwa ncha ya kidole. "Bado kidogo," alisema. Nilikuwa nikipumua kwa maneno hayo. Mvua haikuwa mbali.

Asubuhi moja mkuu wa mtaa alifika, na nyuma yake vijana. Vijana walibaki getini. Yeye aliingia peke yake, mtu mnene mwenye heshima, akakaribishwa kiti barazani, akaulizia afya ya mwenye nyumba. Mimi na Muteba tulikuwa nyuma, tumechuchumaa kati ya vitalu, na tulisikia sauti bila maneno. Sauti ya mkuu wa mtaa ilikuwa ya upole. Haikuchukua muda. Mwishoni sauti zilipanda, tukamsikia akiaga, "Basi, Mama," na Mama Profesa akajibu, "Nimesikia, tata."

Alikuja nyuma. Hakutazama miche.

"Ngalula, kamata bintu byako. Staji yako imeisha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimwonyesha mbegu. Nilimwambia, Mama, bado kidogo, umesema mwenyewe. Muteba akasema atanificha chumbani kwake, atasema ni dada yake wa Sandoa. Mama Profesa alikuwa tayari na funguo za pikapu.

Alinipitisha katikati ya vijana wale akiendesha polepole, vioo wazi, uso mbele. Hakuna aliyetugusa. Kwenye kituo cha treni, ambako watu wetu walikuwa wamelundikana, alisimamisha gari lakini hakuzima injini. Nilishuka. Nilingoja aseme neno lolote, hata la kunigombeza. Alisema, "Salimia baba yako," akageuza gari.

Baba aliponiona na kifurushi changu alisogea kwenye mkeka nikapata pa kukaa.

Treni ilikuja hatimaye, tukapita Tenke, tukapita Kamina, na sitaeleza safari ile hapa. Tulifika Mwene-Ditu, huko Kasai, tukiwa wachache kuliko tulivyopanda. Nimeishi huko tangu wakati ule. Nafundisha watoto wa shule ya msingi. Kila kiangazi, mpaka alipofariki, baba aliniuliza kama Mama Profesa ameandika, na kila kiangazi nilimtetea. Nilisema posta imekufa. Nilisema alikuwa ameniokoa, kwamba vijana wale wangeniua na yeye akanipitisha mbele ya macho yao kwa ujasiri wake. Muteba, ambaye alimaliza, akasomeshwa, na leo ni mtu mkubwa ng'ambo, aliisimulia hivyo hivyo popote alipoalikwa, na habari ikanirudia kwa vinywa vya watu. Nikawa nimeiamini. Ilikuwa afadhali niwe nimeokolewa kuliko niwe nimetupwa.

Nilirudi Kolwezi mara moja, juzijuzi, kwa harusi ya mtoto wa dada yangu, aliyekuwa amerudi huko kabla yangu. Nilikaa juma zima, nikasalimia watu. Anayeishi sasa katika nyumba yetu ya zamani alinikaribisha soda sebuleni kwetu. "Ilikuwa bintu ya politiki, dada," alisema. Rafiki yangu wa shule, ambaye kaka zake walikuwa kati ya waliogonga milango, alinikumbatia, akalia, akasema zilikuwa siku mbaya. Mkuu mmoja wa parokia alisema ni shetani. Wote walikuwa wapole sana, nami nilikunywa soda zao.

Mama Profesa alikuwa amehamia Kasulo, ule mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao wenyewe. Aliishi na mpwa wake katika nyumba yenye ufa ukutani, na mpwa aliniambia mlangoni kwamba shangazi amekataa katakata sakafu yake ichimbwe. Alikuwa amekonda. Miwani ilikuwa mizito zaidi. Alinitambua kwa sauti.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilipiga goti, nikamwambia nimekuja kumshukuru, kwa kuwa siku ile aliniokoa.

"Nani alikuambia vile?"

"Bantu bote, Mama. Muteba anaisemaka."

"Muteba hakuwa pa baraza." Alitafuta kikombe chake kwa mkono, akakipata. "Najua bantu banasemaka vile. Mi naachaka baseme, inakuwa tamu mu masikio. Lakini wee uko hapa, basi sikia. Ule tata hakusema batakuua. Alisema, Mama, kama ule mutoto anabaki kwako, kesho batakuja kukuuliza wee, mama yako njo wa wapi. Na mama yangu alikuwa wa Kasai, wa Luputa. Hakuna muntu alijua hapa. Yeye alijua."

Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni na birika, hajui aingie au arudi.

"Niliogopa," alisema Mama Profesa. "Haikuwa juu yako. Juu yangu. Juu ya nyumba, juu ya majani. Nilipima, nikakutosha wee, nikakutoa inje." Kisha akauliza, "Masomo ulimaliza?"

"Hapana, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nje mtu alikuwa akigonga jiwe, na kishindo kilifika mpaka miguuni petu.

"Basi ni mi nilikukatia," alisema. "Siyo politiki, siyo siku mbaya. Ni mi."

Nilitaka kumpinga. Nilikuwa na miaka mingi ya kumtetea mdomoni. Badala yake nililia mbele yake kwa sauti, mwanamke mzima niliyekuja na nguo za harusi. Nilikuwa nimefukuzwa na redio, na njaa, na wakati, vitu ambavyo huwezi kuvitazama usoni. Sasa nilikuwa nimefukuzwa na mtu, na ni mtu niliyempenda. Hakuomba msamaha, wala mimi sikumpa. Alinisogezea chai yake kwa kupapasa meza, akangoja nimalize.